Ukucha wa Maimouna

Zongwe, tarehe 3/3/2024

Yaya Mosi,

Nakusalimia weye na wajukuu. Huku tuko. Seifu amefikisha miezi ine, ananyonya muzuri. Maimouna anauliza lini utamuletea tena mikate ya Kalemie.

Nakuandikia ju ya neno moja. Munganga Jean-Luc wa santre yetu ya afya ametangaza kwamba Jumatatu ya wiki ijayo wanaanza kuchoma watoto chanjo ya surua, kuanzia miezi sita mupaka miaka mitano. Seifu bado mudogo, atangoja. Lakini Maimouna iko na miaka ine na hajachomwa hata moja, unajua alizaliwa mwaka ule tulikuwa tunakimbia vita.

Mimi nataka achomwe. Baba yake, Aboubakar, anakataa. Anasema watu wa boti wanaleta habari kutoka Kalemie kwamba chanjo hii inaua. Tumebishana siku mbili. Mwisho akasema: "Andikia yaya yako. Yeye anakaa ku soko, anasikia yote. Akisema ndiyo, mimi nanyamaza."

Siméon anatoka huko na boti Ijumaa. Nijibu mbele ya Jumatatu.

Mudogo wako,
Mouna

*

Kalemie, tarehe 7/3/2024

Mouna, mutoto wa mama yangu,

Kaa chini kabla ya kusoma, hii ni ndefu. Maandishi unisamehe, niliacha masomo mwaka wa tatu wa primeri, bik inanitoroka. Mudomo njo haujanitoroka hata siku moja! Ingekuwa simu ya bwana yako haikuanguka mu maji, na ingekuwa rezo inafika Zongwe, ungenisikia mupaka sikio likuume.

Huku tuko wazima. Ndakala zimeshuka bei, kila muntu anavua, tunauziana sisi kwa sisi. Blandine wa meza ya pembeni yangu amenunua nywele mupya, ndefu mupaka mugongoni. Jana upepo ukazipindua, ndakala zikaingia ndani. Tulicheka mupaka mununuzi akaondoka na samaki bila kulipa. Blandine akasema, "Mama Mosi, weye utaniuaga." Nikamwambia, "Zitakuua hizo nywele, mimi nitaandika tu barua."

Sasa neno lako. Aboubakar iko na haki.

Unamukumbuka Célestine, jirani yangu, yule mama wa Baraka mwenye anauzaga mafuta ya mawese? Mutoto wake wa mwisho, Delphin, miaka miwili, munene vile, mashavu kama mandazi. Wiki iliyopita walimuchoma chanjo siku ya Jumatatu. Jumatano tulimuzika. Mouna, Jumatatu sindano, Jumatano kaburi! Mimi mwenyewe nilikalia mukeka wa musiba siku tatu, hakuna muntu alinisimulia.

Na ufikirie mwenyewe. Dawa ya malaria tunalipa. Kuzaa tunalipa. Kadi ya lopitali tunalipa. Hii moja tu inakuja bure, tena inakufuata mupaka mulangoni, watu na visanduku vyao vya barafu. Barafu gani hiyo, umeme wa hapa unakatika tangu asubuhi? Nilimuuliza Papa Norbert, yule reko wa kartie yetu, mwenye anapitaga nyumba kwa nyumba na watu wa chanjo. Nikamwambia, "Papa Norbert, na mutoto wa Blandine alichomwa mwaka jana, mbona alipata surua vilevile?" Akaanza kunieleza eti mutoto akichomwa akaugua, anaugua kidogo. Nikamwambia, "Basi mimi nikuuzie samaki aliyeoza kidogo." Soko nzima ilipasuka! Papa Norbert mwenyewe akacheka, akalipa ndakala zake akaenda.

Sasa sikiliza, maana najua huyo munganga wenu hataacha. Wakisha kuchoma mutoto, wanamupaka rangi ku ukucha wa kidole kidogo cha mukono wa kushoto, na kalamu nene nyeusi, ile rangi ya kura, haitoki na sabuni. Wakipita nyumba kwa nyumba wanaangalia kidole tu. Kidole kiko cheusi, wanapita. Hawaulizi.

Siku ile akicheka, Papa Norbert alisahau kalamu yake ku meza yangu. Sikumuita. Nimekufungia ndani ya sukari, kilo mbili, angalia isivunjike. Upake ukucha mara mbili, ikauke, upake tena. Maimouna atafurahi, watoto wanapendaga rangi. Usigombane na bwana yako bure, na munganga usigombane naye. Kila muntu atakuwa na amani.

Wajukuu wangu wako wazima, Tony anacheza mupira kutwa nzima. Mikate nimeweka sita.

Yaya yako mwenye maneno,
Mosi

*

Zongwe, tarehe 13/3/2024

Yaya,

Kalamu ilifika na mikate. Aboubakar alisomewa barua yako mara mbili, akasema, "Umeona."

Nilimupaka Maimouna Jumapili jioni. Alinyoosha kidole muzuri, akataka vyote kumi. Nikamwambia kimoja tu. Jumatatu munganga Jean-Luc alipita na daftari yake, akainua mukono wa mutoto, akaangalia, akauliza, "Huyu walimuchomea wapi?" Aboubakar akajibu, "Ku santre asubuhi, kulikuwa watu wengi." Munganga akaandika na chaki ku mulango wetu kwamba nyumba hii imekwisha kuchomwa, akaenda kwa jirani.

Mimi nilikuwa nasuka mukeka. Sikuinua kichwa.

Asante kwa sukari.

Mouna

*

Kalemie, tarehe 22/3/2024

Mouna wangu,

Nimecheka peke yangu kama mwenda wazimu! "Kulikuwa watu wengi!" Kumbe Aboubakar naye anajua kupika maneno, na mimi miaka yote nilifikiri mume wako ni jiwe na nyavu tu. Mupe hongera, akija huku nitamupangia meza ku soko.

Siku hizi wananiita munganga wa soko. Mama mmoja wa kutoka Niemba na muhogo wake alikuja mupaka kwangu, akauliza, "Njo weye Mama Mosi mwenye aliona mutoto wa chanjo?" Nikamwambia, "Mimi njo nilimufunika shuka." Nikamusimulia. Wakajikusanya watu kama kumi, hata wenye walikuwa wanabishana bei wakaacha. Mouna, sijui kama unaelewa. Mimi nauzaga ndakala miaka kumi na saba, hakuna muntu amewahi kuacha kupunguza bei ju ya kunisikiliza. Mama wa Niemba alifuta macho, akasema wake hatawaleta.

Papa Norbert amepita anatafuta kalamu yake. Nikamwambia, "Papa, weye unasahau kichwa, utakumbuka kalamu?" Akacheka, meno nje.

Hapa nyumbani salama. Tony alilia mukono siku mbili, ulivimba, lakini sasa anapanda ukuta wa jirani kama nyani. Muke wa mutoto wangu amenuna, simujibu.

Maimouna anyoe nywele, joto ni kali. Mwambie shangazi, hapana, mwambie mama mukubwa yake anamubusu ku kile kidole cheusi.

Mosi

*

Zongwe, tarehe 14/4/2024

Yaya,

Surua imefika. Ilianzia kambi ya wavuvi, upande wa kusini. Watoto watano wamekufa, wawili nawajua.

Munganga Jean-Luc alirudi juzi na visanduku, anatafuta wale walibaki bila kuchomwa. Wazazi wengi wenye walikataa mwezi uliopita safari hii walitoa watoto wao. Alipofika kwetu aliinua kidole cha Maimouna. Rangi bado ilikuwa. Akamwambia, "Weye mama mudogo hauna neno, weye umekingwa." Akamupa bonbon, akapita.

Nilikuwa na maneno ku mudomo, Yaya. Aboubakar alikuwa amesimama nyuma yangu. Na niliona haya. Munganga ni muntu muzuri, mwezi mzima amenisalimia kama mama mwenye akili.

Tangu jana Maimouna iko na homa, macho mekundu, anakohoa. Inawezekana ni mafua ya ziwa.

Neno moja. Uliandika mukono wa Tony ulivimba siku mbili. Ulivimba na nini?

Mouna

*

Kalemie, tarehe 19/4/2024

Mouna,

Barua yako imefika saa hii, Siméon amenipa mukononi, nimesoma nimesimama. Nakuandikia ku karatasi ya kufungia samaki, nisamehe harufu.

Peleka Maimouna ku santre. Leo. Usisome mupaka mwisho, nenda, utarudi kusoma. Mwambie Jean-Luc ile rangi ni ya uongo, ni ya Mosi, ataje jina langu, anitukane vile anataka. Kuko dawa wanatoaga, vitamini ya matone, Papa Norbert ameniambia sasa hivi, nimekimbia mupaka kwake na kandambili moja.

Sasa nakujibu. Tony alichomwa. Wote wawili walichomwa, yeye na mudogo wake. Muke wa mutoto wangu aliwapeleka mimi nikiwa ku soko, siku ileile niliyokuandikia. Nilirudi nikakuta vidole vyeusi, tukagombana. Mukono ulivimba siku mbili, ukapona. Kesho yake alikuwa anacheza mupira. Sikukuandikia ju, sijui ju ya nini. Ju barua ilikuwa imekwisha kufungwa ndani ya sukari. Hapana. Ningeweza kuifungua.

Na lingine. Delphin wa Célestine alikuwa anaugua mbele ya sindano. Homa ilimushika Jumatano, siku tano kabla. Mimi mwenyewe nilikuwa nachemusha maji ya kumukanda. Célestine alimupeleka Jumatatu ju ya homa, hapo ku santre wakamuchoma na chanjo vilevile, na malaria ilikuwa imekwisha kupanda ku kichwa. Nilijua. Nilijua kila kitu, Mouna. Lakini siku ya kwanza nikisimulia ku soko nilianzia Jumatatu, na ilitoka muzuri vile, Blandine akaweka kisu chini. Siku ya pili nikaanzia tena Jumatatu. Baadaye nikawa nimezoea, hata mimi nikisikia mwenyewe naona ilikuwa hivyo.

Siméon anasema moteri yake ina shida, ataondoka kesho ao kesho kutwa. Nimemwambia akikawia nitaogelea. Amecheka. Hata mimi nimecheka, ni mudomo tu.

Nenda.

Mosi

*

Zongwe, tarehe 2/5/2024

Yaya Mosi,

Barua yako ya karatasi ya samaki ilifika tarehe 27. Ilikuwa siku ya tatu ya musiba. Siméon alikuwa hajui, alikuja na kelele zake za kawaida, akaona watu juu ya mikeka, akavua kofia.

Nakuandikia vile ilikuwa, ili usiulize kwa watu wengine.

Upele ulitoka tarehe 17. Tulimupeleka ku santre tarehe 18. Munganga akaangalia kidole, akasema, "Huyu amechomwa, haitakuwa kali." Akampa siro ya homa na kuturudisha nyumbani, kulikuwa watoto wengi wamelala chini. Nilimwambia tarehe 20. Nilitembea peke yangu asubuhi, nikamwambia, "Ile rangi nilipaka mimi." Hakunitukana. Alifunga daftari, akatukimbilia nyumbani na vitamini na sindano ya kifua. Alikuja kila siku. Maimouna alikuwa anapumua mbio. Tarehe 24, saa ya kuanika ndakala, akaacha.

Bibi muoshaji alipofika ku mukono wa kushoto alisimama. Alisema ukucha iko na kitu juu yake, na maji yanapaswa kugusa mwili wote. Akasugua na limau. Akasugua na majivu. Akaomba muchanga wa ziwa. Ilikuwa imebaki nusu ya ukucha, nyingine ilikuwa imekwisha kuota safi. Aliniuliza, "Ni rangi gani hii?" Nikamwambia, "Ni ya chanjo." Akasema, "Kumbe mulimuchoma na bado amekufa." Wanawake wakaguna. Wawili kati yao ni wale bado wanaficha watoto wao shambani.

Yaya, niliona maneno yanaanza kutembea pale pale, juu ya mwili wake. Nikawaambia hapana. Hakuchomwa. Rangi ni yetu.

Haikutoka. Bibi akasema ni doa tu, maji yanapita. Tukamufunga sanda nayo.

Sijalia sana. Watu wanashangaa. Nafua, napika, Seifu ananyonya. Nikianika ndakala nazipanga mistari, nikimaliza napanga tena. Aboubakar haendi ziwani. Anakaa anaangalia ile chaki ku mulango. Nilitaka kuifuta, akasema iache.

Usije kwanza.

Mouna

*

Kalemie, tarehe 9/5/2024

Mouna,

Nimepata.

Huku tuko. Ndakala zimepanda bei. Blandine ametoa zile nywele, amesema zinamuwasha, sasa anauza kuliko mimi. Mvua imebomoa kichochoro cha nyuma ya soko. Naandika hivi na sijui kwa nini naandika. Mukono unaenda tu. Najisikia kama mudomo wangu ni wa muntu mwingine, mimi nimekaa nyuma namusikiliza.

Siku ile Siméon alinipa barua, niliisoma, nikaikunja, mununuzi akaniuliza, "Mama, hizi bei gani?" Nikamwambia bei. Akasema punguza, nikapunguza. Niliuza mupaka jioni. Nilifika nyumbani nikapika bukari, nikala. Muke wa mutoto wangu akauliza, "Huko Zongwe salama?" Nikamwambia, "Maimouna amekufa." Kijiko kikamuanguka. Mimi nilikiokota nikakiosha.

Kesho yake nikasimama ku soko nikaanza kusimulia. Nikawaambia, mutoto wa mudogo wangu amekufa na surua, ju ya mimi. Nikawaambia ile ya Delphin ilikuwa nusu. Mama mmoja akacheka, akasema, "Mama Mosi leo ameleta ya mupya!" Mwingine akasema, "Mwezi uliopita sindano iliua, leo kukosa sindano kumeua. Kesho tutasikia nini?" Nikarudia. Blandine akanivuta kikwembe, akaniambia kidogokidogo, "Mama Mosi, Papa Norbert amekupa ngapi?"

Hawanisadiki, Mouna. Ile ya uongo walilia. Hii wanapunguza bei.

Nikaenda kwa Célestine. Ilinipasa. Nilimukuta anapima mafuta, nikamwambia yote, habari ya mutoto wako niliibeba ku soko, nikakata siku tano za homa yake. Aliendelea kupima. Chupa ikajaa, akafunga, akaweka. Akasema:

"Mama Mosi, ulikula kwangu siku tatu."

"Nilikula."

"Weye njo ulikuwa unachemusha maji. Delphin alikuwa anakuita bibi."

"Ndiyo."

"Unajua tangu Machi wanawake wananiuliza nini, wakija kununua mafuta? Wananiuliza kwa nini nilimupeleka mutoto wangu achomwe, auawe. Mimi nafikiri hata bwana yangu anafikiri hivyo. Hajaniambia, lakini hali tena chakula nikipika. Nilikuwa najiuliza yametoka wapi."

Yametoka kwangu. Mimi, Mouna! Nilisimama pale mupaka akaniambia, "Kama haununui, toka ku mulango, kuko watu nyuma yako."

Nikanunua. Nusu litre. Iko hapa ku meza, sijaifungua.

Nimerudi kwa Papa Norbert kumwambia ya kalamu. Alikuna kichwa, akaniuliza jina lote la mutoto, akaandika.

Niambie nifanye nini. Nitumie sukari? Nije? Ukisema nisiandike tena, nitaacha.

Mosi

*

Zongwe, tarehe 18/8/2024

Yaya,

Nimekaa muda mrefu bila kukuandikia. Hakuna sababu. Siku zilikuwa zinapita sawasawa.

Seifu amefikisha miezi tisa. Aboubakar ndiye alimubeba ku santre. Mimi nilifuata nyuma. Watu walikuwa wanatuangalia. Jean-Luc alimuchoma ku mukono, akalia kidogo. Siku hizi si kampeni, hawapaki rangi, wanaandika tu ku kadi. Aboubakar akamwambia munganga, "Mupake." Jean-Luc akasema si lazima. Aboubakar akarudia. Munganga akatoa kalamu yake akamupaka kidole kidogo.

Nyumbani nikatafuta kalamu uliyotuma. Nikajipaka mimi mwenyewe, kidole changu pembeni ya chake. Rangi ni ileile, Yaya. Hakuna muntu angeweza kutenganisha.

Kalamu nakurudishia na Siméon. Bado inaandika. Mupe mwenyewe wake.

Usitume sukari. Kuja, utakuja siku nikikuita. Sijui lini.

Lakini uandike. Jioni hapa ni ndefu, na Aboubakar hasemi. Niandikie ya soko kama zamani. Neno moja tu nakuomba, uandike ile umeona na macho yako, uanzie siku ilianza.

Mouna

*

Kalemie, tarehe 30/8/2024

Mouna,

Naanza.

Jumatatu. Nimeuza vikapu viwili vya ndakala. Nimeona kalamu, imefika, Siméon aliifunga ndani ya kitambaa. Nimemurudishia Papa Norbert. Ameijaribu ku kiganja chake, akaiweka mufukoni.

Jumanne. Célestine amepita mbele ya meza yangu. Hakunisalimia. Mimi nilimusalimia.

Jumatano. Mutoto wa Blandine wa mwisho, ule musichana wa miezi kumi, ameanza homa usiku wa kuamkia siku hiyo. Blandine ameniambia mwenyewe asubuhi, na mimi nimemugusa kichwa, kilikuwa cha moto. Kadi yake ilikuwa na siku ya chanjo Alhamisi. Nimemwambia aende kwanza kupimwa damu. Amesema, "Weye tena!" Nimefunga meza nikaenda naye. Wamemupima. Ni malaria. Wamemupa dawa, wamesema chanjo warudi Jumatatu.

Jumatatu hiyo nimeenda tena. Nimekaa ku benchi. Homa ilikuwa imekwisha, nimemugusa mwenyewe. Wamemuchoma saa tatu. Amelia mupaka tukatoka mulangoni. Blandine amesema, "Ukisimulia hii ku soko nitakukata mudomo." Nimemwambia nitaisimulia, lakini nitaanzia Jumatano.

Jumanne nimepita kwao asubuhi. Mukono umevimba kidogo, wa kushoto.

Alhamisi nimepita tena. Mukono umeshuka. Alikuwa amekaa chini anakula bukari na mukono uleule, amejipaka mupaka ku masikio.

Hiyo nimeiona.

Mosi